Pole Iliyobaki Bagara

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchekesha watu. Sikulifanya kwa nia mbaya, ndilo jambo pekee ninaloliweza bila kusoma. Nilipofika Nairobi kusomea utalii, wiki nzima hakuna aliyenisemesha isipokuwa kuniomba niseme neno lolote, wasikie Kiswahili cha Tanzania, kisha wanacheka na kwenda zao kama watu waliokwisha kumlisha nyani ndizi. Wiki ya pili nikaona isiwe tabu. Kama ni kuchekwa, basi nipange mwenyewe saa ya kuchekwa. Siku hiyo kantini nikasimulia mama yangu alivyomfukuza kiboko.

Ni kisa cha kweli. Kiboko alitoka Ziwa Babati alfajiri, akaingia kwenye mchicha wa mama, anatafuna kama kalipia. Mama akatoka na mwiko wa ugali, maana ndio uliokuwa karibu. Akasimama mbele ya lile dude, akaliuliza, "Hivi wewe, kwenu hawali?" Kiboko akamtazama, akamwona hana utani, akageuka akarudi ziwani.

Hilary alipaliwa na chapati. Jacqueline alicheka mpaka akalala kwenye meza.

"Aki huyu mama! Anaitwa nani?"

"Mama Eli."

Eli ni mimi, Elineema. Tangu siku hiyo nikawa na marafiki wawili, na kila asubuhi Jacqueline alinipokea mlangoni: "Leo Mama Eli amesemaje?" Nami nilikuwa na cha kusema. Mama na mwenye nyumba. Mama na kuku wa jirani. Mama na mchungaji aliyehubiri mpaka ugali ukaungua.

Sasa, kitu ambacho sikukisema ni kwamba siku ile ya chapati mama alikuwa na miezi minne kaburini.

Sikudanganya, jamani. Hakuna aliyeniuliza kama yu hai, na mimi sikuona pa kulichomeka neno hilo. Umsimulie mtu habari ya mwiko na kiboko, afute machozi ya kicheko, halafu umwambie, "Ila ameshafariki"? Nikasema nitawaambia kesho. Kesho ikaja na kisa kingine, na kesho kutwa yake kingine, mwaka ukaisha. Kwa hao wawili mama alikuwa mzima, mkali, anapika. Na mimi nilipokuwa nao, alikuwa hivyo hivyo.

Halafu ikaja Madaraka, sikukuu ya Wakenya. Mwaka huo, 2015, iliangukia Jumatatu.

"Tunaenda kwa Mama Eli," Jacqueline alitangaza mbele ya darasa zima.

"Kwetu mbali."

"Mbali wapi? Nimeangalia ramani. Namanga, Arusha, hapo. Kwani umeficha mke huko?"

"Wawili. Walikuwa wanagombana, ndiyo maana nikaja kusoma."

"Ata hao tutawasalimia," Hilary akasema. Hilary ni mrefu, mpole, na akishasema jambo huwezi kumtoa. Amezaliwa hivyo.

Ningeweza kukataa. Lakini niseme ukweli, nilitaka kwenda. Sikuwa nimekanyaga Babati tangu asubuhi mama alipopakiwa kwenye gari kupelekwa hospitali Moshi, nami nikiwa nyuma nimeshika chupa ya uji. Alifia huko, akazikwa Usangi, maana sisi Wapare hata tukae ugenini miaka mingapi, kuzikwa ni kwetu milimani. Babati tulikuja kwa kazi tu. Mkoa wa Manyara ulikuwa ndio kwanza unaanza, ofisi mpya zinataka makarani, baba akapata. Tukapanga Bagara, nikaanzia hapo darasa la kwanza nikamalizia hapo kidato cha nne. Baada ya mazishi baba akahamishiwa Mtwara, vitu vikabebwa na fuso mimi nikiwa bado Usangi, na mjomba akanichukua Nairobi. Sikumuaga mtu. Sikufunga hata mlango.

Na hapo ndipo penye shida yangu yote. Kwetu, aliyefiwa anapewa pole. Hata uwe umepita mwaka au miwili, siku mnapoonana mara ya kwanza, kabla hajakuuliza masomo wala safari, mtu anakushika mkono, anashusha sauti, anasema: pole kwa msiba. Asiyekupa anaonekana hana utu. Atakuvukia barabara aje akupe. Mji mzima wa Babati ulikuwa haujanipa. Kila anayenijua alikuwa ametembea na pole yangu kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, na ya kwanza tu ikinifikia mbele ya Jacqueline, mama yangu angekufa tena, safari hii katikati ya stendi.

Kwa hiyo nikajipanga. Nilikuwa na ndevu sita nilizozilea Nairobi kwa uangalifu mkubwa. Nikaongeza miwani ya jua na kofia. Tuliondoka Jumamosi saa kumi na mbili alfajiri, saa kumi jioni tukashuka Babati, na hatujatoka hata stendi nikamwona Mwalimu Pantaleo aliyenifundisha jiografia, anakuja na gazeti kwapani. Nikainama haraka kufunga kamba za viatu.

"Eli," Hilary akasema kutoka huko juu aliko, "umevaa ndala."

"Naangalia kama ni zangu."

Jacqueline akacheka. Mwalimu akapita, suruali yake ile ile ya kaki, karibu iniguse bega. Nilimsikia akikohoa, na nilikijua kikohozi chenyewe. Alikuwa akikohoa hivyo kabla ya kutaja alama za mtu.

Kwenye gesti nikawapa habari niliyoiandaa tangu Namanga. "Mama amepiga simu. Amesafiri Same, kuna msiba."

"Wa nani?" Jacqueline akauliza.

"Ndugu."

"Pole," akasema, akinigusa mkono, na nikahisi kama mwizi aliyepewa lifti na polisi. "Lakini nyumba iko, si ndiyo? Tuone hata nyumba. Nataka kuona hiyo bustani."

"Imefungwa."

"Bustani imefungwa?"

Hilary akaagiza chai kwa dada wa gesti. "Leta chai tatu." Yule dada akasimama palepale akimwangalia, anangoja neno lililobaki. Nikamwambia Hilary huku kwetu chai haiamriwi, inaombwa. Akarudia: "Naomba chai tatu, tafadhali, samahani, asante." Tukacheka sote, na dada naye akacheka, na nyumba ikasahaulika kwa dakika kumi.

Jumapili nilipanga ratiba kama jenerali. Mji wetu una Wakatoliki na Walutheri wa kutosha. Kati ya saa moja na saa tano asubuhi watu wanaonijua wako kanisani, wamefungiwa humo na kwaya. Huo ndio muda wa kutalii. Nikawaamsha mapema, tukanywa supu, tukashuka ziwani. Kijana mmoja aliyeitwa Hatibu, asiyenijua, tukakubaliana naye buku tano tano, akatupandisha mtumbwi kwenda kuwaona viboko.

Walikuwepo. Masikio tu na macho, kama watu waliojifunika shuka wakisikiliza mazungumzo.

"Yupi alifukuzwa na mwiko?" Jacqueline akamuuliza Hatibu.

"Mwiko gani, dada?"

"Kwani huijui? Mama Eli! Wa Bagara!"

Hatibu akafikiri. "Mimi nimehamia mwaka jana," akasema, akapiga kasia.

Mimi nilikuwa nimeugeukia mji. Kutoka majini Babati inaonekana yote, mlima Kwaraa umevaa wingu lake, na chini yake mabati, mabati, mabati mapya. Nilitafuta letu. Lilikuwa na kiraka cha bati jekundu upande wa jikoni, baba alilipigilia mwenyewe likakaa upande. Nililitafuta kuanzia barabara ya Arusha mpaka njia ya kwenda Bonga nisilione. Hilary alikuwa anapiga picha, Jacqueline anaimba, Hatibu anauliza kama Nairobi kuna kazi. Nilitaka kumwonyesha mtu lile bati na sikuwa na mtu.

Tulipotoka ziwani ilikuwa saa nne kasoro. Bado saa nzima ya kanisa. Nikasema basi, nawapitisha Bagara mara moja, mnaona nyumba kwa nje, tunaondoka. Nilijiambia ni kwa ajili yao.

Nyumba ilikuwa pale pale. Walikuwa wameezeka upya, ndiyo maana sikuliona bati. Bustani ya mchicha ilikuwa imesimamishiwa tofali za kuanzia ukuta.

"Ni hapa," nikasema. "Haya, mmeona. Twendeni."

Lakini Jacqueline alishasukuma geti. "Hodi!"

"Jackie, hakuna mtu!"

"Karibuni," sauti ikajibu kutoka uani.

Niliijua sauti kabla sijamwona mwenyewe. Mama Damiani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mwiraqw wa Mbulu mwenye Kiswahili cha kukaza koo. Nilisahau kwamba mguu wake mbovu haumruhusu kwenda misa kila Jumapili. Alikuja taratibu akiegemea fimbo, akapepesa macho juani akituangalia mmoja mmoja. Akanifikia mimi. Akaangalia kofia, akaangalia miwani, akaangalia ndevu sita.

Akapita.

"Mnatafuta chumba?" akauliza. "Mwenye nyumba amenipa mimi funguo."

Jacqueline alifungua mdomo, nikamuwahi. "Ndiyo, mama. Shikamoo. Tunatafuta chumba."

"Marahaba."

Jacqueline akanitazama, akatazama yule mama, akabana mdomo asicheke. Aliona ni utani wangu mwingine: Eli anamchezea jirani yake. Akaingia mchezoni mzima mzima. "Ndiyo, mama, tuko watatu," akasema. Hilary akageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Mama Damiani akatuongoza mpaka uani, akafungua kufuli, akasukuma mlango. "Hiki hapa. Kidogo, lakini hakivuji."

Kilikuwa chumba changu.

Walikuwa wamepaka chokaa. Msumari wangu wa kutundikia sare ulikuwepo bado, na umepakwa chokaa nao. Nimelala humo miaka kumi na moja, na huyu mama aliyenilisha makande nyumbani kwake alikuwa ananieleza mimi maji yanatoka siku gani. Mimi mwenyewe ndiye niliyetaka asinijue. Nilivaa miwani kwa kazi hiyo. Lakini alipokuwa akinipitia yale macho mara ya pili, kama anavyopitiwa mteja, nilibaki nimeshika fremu ya mlango.

"Wapangaji wa hapa huwa wanakaa," akaendelea, "ni nyumba ya amani. Hapo mbele alikaa mama mmoja Mpare. Mtu wa watu yule! Siku moja kiboko kaingia kwenye mchicha wake, yeye huyo kamtokea na mwiko…"

"Hivi wewe, kwenu hawali!" Jacqueline akapiga kelele, hakuweza kujizuia.

Mama Damiani akashtuka, halafu akacheka, akapiga fimbo chini. "Ee! Kumbe mnamjua!"

"Tunamjua sana!"

"Basi ndiye huyo." Akacheka tena kidogo, kisha akatulia, akatengeneza khanga mabegani. "Mungu ampumzishe."

Nilikuwa namwangalia Jacqueline. Kicheko hakikumtoka usoni mara moja. Kilibaki pale kikiwa hakina kazi, kama taa iliyosahauliwa mchana.

"Ampumzishe?" akasema.

"Alifariki, mwanangu. Mwaka jana, Januari. Walimpeleka Moshi hakurudi." Mama Damiani akavuta pumzi. "Na mguu huu, sikwenda Usangi kuzika. Tulituma mtu na mchango. Ila mtoto wake, yule kijana mcheshi, mpaka leo hajatokea. Sijui wamempeleka wapi. Pole yake ninayo hapa," akajigusa kifuani, "naamka nayo, nalala nayo."

Hilary aligeuka kutoka ukutani. Wote wawili walikuwa wananiangalia mimi, na yule mama anawaangalia wao, hajui kuna nini.

Hata hapo ningeweza kuondoka. Ningesema asante mama, tutarudi, nikatoka getini. Kwa Jacqueline na Hilary ilikuwa imeshakwisha, lakini Babati bado ingekuwa haijasema kitu. Hilo ndilo nililolifikiria, na miguu ilikuwa imeshaanza kugeuka.

Nikavua miwani. Nikavua kofia.

"Mama Damiani," nikasema. "Hujanipa."

Alinisogelea mpaka harufu ya moshi wa kuni ikanifikia. Akanishika kidevu, akazisukuma zile ndevu huku na huku kama mtu anayepangusa vumbi kwenye picha.

"Eli?"

"Ni mimi."

"Elineema! Unakuja kupangishwa chumba chako mwenyewe? Una akili wewe?" Akanipiga kofi la bega, zito hasa. Halafu akaiacha fimbo ikaanguka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashusha sauti. "Pole, mwanangu. Pole kwa mama."

Jibu linajulikana. Mtu akikupa pole unasema nimeshapoa, basi, hata kama umelazwa na mguu umening'inizwa juu. Nimewahi kulisema maelfu ya mara. Nilifungua mdomo lisitoke. Yeye alikuwa ameshaanza kulia, kilio kile cha wazi cha siku ya kwanza, na mimi nikalia naye palepale mlangoni, mtu mzima mwenye ndevu.

Kanisa likawa limetoka. Kilio hakihitaji mwaliko. Watu waliokuwa wanapita na nguo zao za Jumapili wakakata kona. Mama Vicent wa dukani. Mzee Ludovick, aliyekuwa akituuzia maziwa. Mke wake. Nikaletewa kigoda, nikakaa penye mlango wa mbele, wakanipita mmoja mmoja wakinishika mkono: pole, Eli, pole, baba, alikuwa mtu mzuri. Mwalimu Pantaleo naye akaja, amevaa suti, akakohoa. "Pole, Elineema. Jana nilikuona stendi ukifunga ndala, nikajua hujawa tayari."

Kwa nusu saa mama yangu alikuwa habari ya mji.

Kisha ikaisha. Sijui nilitegemea nini. Mzee Ludovick akauliza baba hajambo Mtwara. Mama Vicent akauliza Nairobi ugali wao ukoje. Mtu akataja bei ya mbaazi, wakaigeukia bei ya mbaazi. Mama Damiani akafuta uso, akaniuliza tumefikia wapi, nikamwambia gesti, akasema angetulaza kwake ila wajukuu wamejaa. Nikajua ni kweli. Mpangaji wa mbele akarudi kutoka kanisani na familia yake, akanikuta nimekaa mlangoni kwake. Akasema samahani, kaka, anaomba apite. Nikanyanyuka na kigoda changu.

Hapo ndipo nilipokielewa kitu kilichokuwa kinanitisha kuliko Jacqueline kujua. Pole hutolewa mara moja. Nikirudi Babati mwakani, Mama Damiani ataniuliza masomo. Mwalimu ataniuliza kazi. Kwa muda wote ule ambao hawakuniona, palikuwa na mahali duniani ambapo mama yangu hajamaliza kufa, na mimi nilikuwa nimekwenda kupamaliza mwenyewe, kwa miguu yangu, Jumapili saa nne.

Hilary na Jacqueline walikuwa wamekaa nje ya geti, kwenye tofali.

"Kwa hivyo," Hilary akasema polepole, "mwaka mzima tumekuwa tukimcheka marehemu."

"Mlikuwa mnacheka naye."

"Hiyo ni maneno, Eli."

Jacqueline aliinuka kwenye tofali. Alitembea mbele yetu mpaka gesti, na jioni alikula chipsi zake akiwa ameigeukia televisheni, taarifa ya habari, mtu aliyekuwa hajui hata mawaziri wetu. Nilijaribu utani mmoja kuhusu nyanya chungu. Ulianguka katikati ya meza, hakuna aliyeuokota.

Jumatatu alfajiri tukapanda basi. Hilary alilala kabla hatujaiacha Babati, kichwa kikigonga kioo. Jacqueline alikaa upande wa pili wa njia, na mimi nikawa nahesabu vibao vya vijiji ili nisimwangalie. Tulikuwa tumekaribia Minjingu aliponiita.

"Eli."

"Naam."

"Nilimpenda huyo mama. Unaelewa? Mimi mamangu hatuongei. Kila asubuhi nilikuwa nakuja shule kumsikia wako."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Ulikuwa unachekesha." Akatazama mbele, kwa dereva. "Najua sijakupa. Nimeona vile wanafanya, wanashika mkono. Pole yako iko, ninayo. Nitakupa nikimaliza kukasirika."

"Itachukua muda gani?"

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Nauliza."

Nikauweka mkono wangu juu ya mkono wa kiti, upande wake wa njia, kiganja juu, ili akimaliza asipate taabu ya kuutafuta. Wapita njia walikuwa wakiugonga na mabegi yao. Arusha tulishuka tukapanda basi jingine, nikauweka tena.

Tulivuka Namanga bado hajamaliza.